Kuchora steji ya kwanza ya gemu: kutoka 1-1 ya Mario hadi mawe ya Mwanza

Mtu akishika pedi kwa mara ya kwanza hasomi maelezo, anabonyeza. Ukimwekea ukurasa wa maandishi atauruka, na kama ni wa Kiingereza, kama ilivyo kwenye gemu nyingi zinazochezwa vibandani Mabatini na Igoma hapa Mwanza, hata yule mvumilivu anaweza asiambulie kitu. Kwa hiyo kazi ya kufundisha inaiangukia ramani: sakafu, mashimo, maadui na umbali uliopo kati yao.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni steji ya 1-1 ya Super Mario Bros., gemu la Nintendo lililotoka Japani mwaka 1985 mikononi mwa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Steji zote 32 zilikaa kwenye kaseti ya kilobaiti 40, pungufu ya picha moja ya simu ya leo. Mwongozo huu unaifungua 1-1 kigae kwa kigae, kisha unachora steji ya kwetu: mchukuzi anaondoka mwalo wa Kirumba na kapu kichwani, anapita juu ya mawe hadi Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani. Kanuni inayoongoza mchoro wote ni moja. Kila kitu kipya, mchezaji akikute kwanza mahali ambapo kukosea hakumgharimu, halafu akikute tena kwa umbo lilelile mahali ambapo kukosea kunamgharimu.

Vifaa

Daftari la hesabu lenye vyumba, penseli, kifutio. Kila chumba ni kigae kimoja. Wengi hukimbilia kompyuta na kuishia kupamba mawe siku nzima wakati shimo la tatu halirukiki. Karatasi haina rangi za kukushughulisha, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kompyuta ukiifikia, Godot, injini ya kutengenezea gemu, ni ya bure na inaendeshwa hata na mashine ya kawaida. Tiled, nayo ya bure, inatosha kwa kuchora ramani. Weka skrini ya pikseli 320 kwa 180 na kigae cha pikseli 16. Hapo mchezaji anaona vigae 20 kwa upana na 11 na ushee kwa urefu, na picha inakuzwa vizuri bila ukungu kwenye simu nyingi.

Hatua ya 1: Orodhesha vitendo

Andika kila kitendo mchezaji anachoweza kufanya. Gemu letu lina vitatu: kukimbia, kuruka, na kujisukuma kutoka ukuta mmoja wa jiwe kwenda mwingine. Vitatu vinatosha steji nzima. Kama orodha yako ina saba, vinne vihamie steji za mbele. Mega Man X ya Capcom, iliyotoka mwaka 1993, ina kitendo cha kuteleza kwa kasi ambacho wachezaji wengi wanakipenda kuliko vyote, lakini kwenye steji ya kwanza hakipo. Kinapatikana baadaye, kwenye viatu vinavyopatikana steji ya bosi Chill Penguin. Mchezaji anamwona Zero, mwenzake shujaa X, akiteleza, anakitamani, kisha anakwenda kukitafuta mwenyewe.

Hatua ya 2: Pima mruko kabla ya kuchora hata kigae kimoja

Hapa ndipo ramani nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo. Mtu anachora shimo kwa macho, anabadilisha mruko wiki inayofuata, na mashimo yote yanakuwa ama mepesi mno au hayavukiki. Mruko ukishafungwa, usiuguse tena.

Amua mambo mawili: kimo cha juu kabisa na muda wa kukifikia. Tuchukue kimo cha pikseli 68, yaani vigae 4 na robo, na muda wa sekunde 0.4. Kasi ya kuondokea ni mara mbili ya kimo gawanya kwa muda: 136 ÷ 0.4 = pikseli 340 kwa sekunde. Mvutano, yaani nguvu ya kumrudisha chini, ni mara mbili ya kimo gawanya kwa muda mara muda: 136 ÷ 0.16 = 850. Kwenye Godot kasi ya kuruka huandikwa kwa hasi, -340, kwa kuwa mhimili wa wima unaongezeka kuelekea chini. Ukisahau alama hiyo mchukuzi atabaki amenata sakafuni na utatafuta kosa kwingine kwa saa nzima.

Usichukue namba za kiolezo cha Godot kama zilivyo. Zinakuja na mvutano wa 980, kasi ya kuruka ya -400 na kasi ya kutembea ya 300. Kwa skrini yetu ya pikseli 320, kasi hiyo ya kutembea inamvusha mchukuzi skrini nzima kwa sekunde moja tu, na hakuna adui utakayeweza kumwonyesha kwa wakati. Weka 90 kwa kutembea na 150 kwa kukimbia.

Sasa unaweza kujua anafika wapi. Yupo hewani sekunde 0.8. Akitembea anavuka 90 × 0.8 = pikseli 72, vigae 4 na nusu. Akikimbia ni 120, vigae 7 na nusu. Andika namba hizi juu ya kila ukurasa wa daftari:

Ukuta wa kurukwa: vigae 4, si zaidi.
Shimo la kwanza: vigae 2. La pili: 3.
Shimo la kukimbilia: vigae 5, na liwe kwenye njia ya hiari.

Kwa nini shimo la kwanza liwe vigae 2 wakati anaweza 4? Kwa sababu anayeanza haruki ukingoni. Anaruka kigae kizima au viwili kabla, akiogopa. Robo kigae iliyozidi kwenye kimo ina kazi ileile: ni pikseli 4 za kumsamehe kwenye ukuta wa vigae 4.

Ongeza huruma tatu kwenye programu. Kwanza, akiachia kitufe kabla ya kufika juu, zidisha kasi ya kupanda kwa 0.4 ili mruko ukatike; hivyo kubonyeza kidogo kunatoa mruko mdogo, na ndivyo Mario anavyofanya pia. Pili, mruhusu aruke hata kama ameshatoka ukingoni kwa fremu 6, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Tatu, akibonyeza kuruka fremu 6 kabla ya kugusa chini, likumbuke bonyezo hilo na limrushe akitua. Bila hizi mbili za mwisho utasikia malalamiko kwamba pedi ni mbovu, hata kama ni mpya kutoka dukani.

Hatua ya 3: Skrini ya kwanza iwe tupu

Fungua 1-1. Mario yupo kushoto, anatazama kulia, na mbele yake kuna sakafu tupu. Skrini nzima ya vigae 16 kwa upana haina adui wala shimo: kuna kilima, kichaka na wingu tu. Boksi la kwanza lenye alama ya kuuliza lipo hatua moja nje ya skrini hiyo, na linajitokeza mchezaji anaposogea. Ule utupu wa kulia ndio unaomwambia aende, na kamera haimruhusu kurudi nyuma, kwa hiyo swali la njia linakwisha ndani ya sekunde chache. Wakati huohuo anajaribu vitufe vyote bila hatari yoyote.

Kwetu, vigae 0 hadi 19 viwe tupu. Mchukuzi asimame kigae cha 3 akitazama kulia, mgongoni kwake pawe na matenga yaliyopangwa juu kuliko vigae 4 ili asiweze kurudi. Nyuma ya picha chora mitumbwi ya mwaloni.

Mwanza ina mtego wake hapa. Mawe yapo kila mahali, na ukichora mawe ya mandhari kwa kijivu kilekile cha mawe ya kukanyagwa, watu wataruka juu ya picha na kudondoka. Mawe ya nyuma yawe mepesi, yameelekea rangi ya anga. Ya kukanyagwa yawe na mstari mzito juu yake. Jaribio ni rahisi: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ishushe hadi ukubwa wa kidole gumba, kisha mwulize mtu ambaye hajaiona aonyeshe sakafu iko wapi.

Hatua ya 4: Adui wa kwanza

Goomba wa kwanza wa 1-1 anakuja kutoka kulia, polepole, kwa njia moja. Ukisimama, atakugusa na utakufa, na umepoteza sekunde chache tu kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza. Ukibonyeza kitufe cha kuruka kwa hofu, kuna nafasi kubwa ya kumvuka, kumkanyaga, au kugonga boksi lililo juu na kutoa sarafu. Matokeo yote matatu yanafundisha. Goomba mwenyewe aliongezwa kipindi cha mwisho cha kutengeneza gemu, baada ya kuonekana kwamba Koopa, ambaye unamkanyaga kisha unalipiga teke gamba lake, ni mgumu kwa anayeanza. Kwenye 1-1 Koopa anatokea nusu ya pili, akiwa mmoja.

Adui wetu ni kenge. Anatambaa kwa pikseli 30 kwa sekunde kuelekea kushoto na hafanyi kingine chochote. Mweke kigae cha 28, aanze kutembea pale tu kamera inapomfikia. Mchezaji akiwa katikati ya skrini, kenge yupo vigae 10 mbele yake, pikseli 160. Akisimama ana zaidi ya sekunde 5 za kufikiri. Akimwendea kwa kutembea, wanakaribiana kwa 120 kwa sekunde, na bado ana sekunde 1.3. Ukishuka chini ya sekunde 1 kifo kinakuwa cha kushtukiza, na mchezaji anajifunza tu kwamba gemu ni baya.

Makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kumpa adui huyu pumziko, anatambaa, anasimama, anageuka. Mchezaji hawezi kusoma tabia tatu kwa mara moja. La pili ni kumrudisha mchezaji kupitia ukurasa wa "umeshindwa", muziki, na menyu. Kifo cha kwanza kimrudishe uwanjani ndani ya sekunde 2.

Baada ya kenge wa kwanza, zidisha kama 1-1 inavyozidisha. Mabomba yake manne ya kwanza yana kimo cha vigae 2, 3, 4 na 4. Kati ya la pili na la tatu kuna Goomba mmoja. Kati ya la tatu na la nne wapo wawili wanaofuatana. Angalia jinsi vitu viwili vinavyopanda kwa zamu. Bomba linaporefuka mpaka mwisho ndipo adui anaongezeka, na bomba la nne, ambalo kimo chake ni kilekile, ndilo linalofungua chumba cha chini chenye sarafu. Kwetu mabomba yawe mawe: la vigae 2 kwenye kigae cha 34, la 3 kwenye 43, la 4 kwenye 52. Kenge mmoja kati ya la kwanza na la pili, wawili kati ya la pili na la tatu.

Hatua ya 5: Zawadi isiyokwepeka

Kipande hiki cha 1-1 ndicho chenye werevu kuliko vyote. Uyoga unatoka kwenye boksi, na sura yake inafanana kidogo na Goomba aliyekuua muda si mrefu. Mchezaji anaweza kuuogopa. Unaondoka kuelekea kulia, unashuka kutoka kwenye matofali, unagonga bomba la kwanza, unageuka na kumrudia. Anataka kuuruka, lakini matofali yaliyo juu ya kichwa chake yanamzuia kupata nafasi. Unamgusa, anakuwa mkubwa. Kuanzia hapo hauogopi tena.

Ili kuinakili unahitaji sehemu tatu kwa pamoja: kitu kinachojiendesha, kizuizi cha kukirudisha, na dari. Kwetu ni chungwa linaloviringika. Mbele tu ya jiwe la kwanza, panga matenga yaliyoning'inia kwenye vigae 26 hadi 31, na sakafu hadi tenga iachwe wazi kwa vigae 3. Mchezaji akigonga tenga la kigae cha 27 kwa kichwa, chungwa linatokea juu, linaviringika kulia kwa 60 kwa sekunde, linadondoka baada ya tenga la kigae cha 31, linagonga jiwe la kigae cha 34 na kurudi. Pengo kati ya tenga la mwisho na jiwe ni vigae 2, kwa hiyo haliwezi kukwama.

Ukiinua dari hadi vigae 5, mchezaji atalirukia chungwa kama adui na kulikosa, na nusu ya steji ataicheza akiwa dhaifu bila kujua kwa nini. Ukilipa kasi inayolingana na ya kutembea, yaani 90, atakayelifukuza kwa nyuma hatalipata mpaka ligeuke, na wengine wataacha. Sitini inatosha.

Hatua ya 6: Maji na magugumaji

Mashimo ya kwanza ya 1-1 yapo kwenye ardhi tambarare: moja la vigae 2, baadaye lingine la 3. Karibu na mwisho zinakuja ngazi mbili zinazotazamana zenye kimo cha vigae 4, na kati yake mwanya wa vigae 2. Ngazi za kwanza zina sakafu kwenye mwanya. Ukidondoka, unapanda tena na kujaribu upya. Hatua chache mbele zipo ngazi nyingine za namna hiyohiyo, mwanya uleule, ila chini hakuna kitu. Mara nyingi hii huelezwa kama somo la kuruka shimo, jambo ambalo si kweli kabisa, maana mashimo mchezaji ameshayaruka mawili. Kipya hapa ni kuruka kutoka kilele chembamba, pasipo nafasi ya kukimbilia.

Chora mashimo yako mawili ya ardhi tambarare kwanza, kigae cha 62 na cha 74, kisha ingiza kitu ambacho ni cha Ziwa Victoria: vipande vya magugumaji. Kipande kina vigae 3, kinaelea, na ukikikanyaga kinazama baada ya sekunde 0.8. Mchezaji hajui hilo, na hutamwambia.

Mara ya kwanza, vigae 84 hadi 96, panga vipande vitatu juu ya maji ya kina kifupi, kigae kimoja tu, yenye changarawe inayoonekana. Pengo kati ya kipande na kipande ni vigae 2. Akizama anasimama kwenye changarawe, anatembea polepole kwa 45 kwa sekunde, anapanda ukingo wa pili. Hajapoteza chochote isipokuwa muda. Mara ya pili, vigae 104 hadi 116, mpangilio uleule kwa hesabu ileile, ila maji ni ya kina na anayezama anakufa. Yafanye ya bluu nzito, bila changarawe. Kama rangi ni moja, somo la kwanza linageuka kuwa uongo, kwa sababu umemfundisha kwamba maji ni salama kisha ukamuua kwa maji.

Tatizo linalojitokeza hapa mara kwa mara ni mchezaji kuyapuuza magugumaji kwenye kina kifupi na kupita zake kwa miguu. Ndiyo sababu ya ile kasi ya 45. Ongeza pia dagaa watano hewani juu ya vipande, wamepangwa kwa upinde unaofuata njia ya mruko. Mtu anafuata dagaa, na upinde wenyewe unamwonyesha aruke wapi. Usiwapange kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mruko hauendi hivyo na atawakosa wa katikati.

Magugumaji yaliyosukumwa na upepo, yanayosogea, yangoje steji ya pili.

Hatua ya 7: Mwanya wa mawe

Kitendo cha tatu ndicho kigumu kufundisha bila maneno, kwa sababu mchezaji hana sababu ya kudhani kwamba ukuta unashikika. Mega Man X ilipata ufumbuzi mzuri. Kwenye barabara ya steji ya kwanza unapambana na mashine kubwa yenye sura ya nyuki. Ikilipuka inaporomoka na kubomoa barabara, na unajikuta ndani ya shimo ambalo halikuui. Hakuna adui wa kukuharakisha. Umebaki na kuta mbili na vitufe vyako. Unaruka, unagusa ukuta, unamwona X akiteleza taratibu badala ya kudondoka, na mkono wenyewe unabonyeza tena.

Mawe ya Mwanza yamekaa tayari kwa jambo hili, yamebebana na kuacha nyufa ambazo mtu mwembamba anapita. Kigae cha 124, weka bamba la jiwe linalovunjika linapokanyagwa. Chini yake pawe na mwanya wa upana wa vigae 3 na kina cha vigae 6. Kina ni 6 kwa sababu mruko wa kawaida unafika 4 na robo: hawezi kutoka kwa bahati.

Hesabu ya upana ni muhimu kuliko ya kina. Kujisukuma kutoka ukutani kumpe kasi ya 120 kwa pembeni na 300 kwa juu. Mwili wa mchukuzi una pikseli 12. Kwenye mwanya wa vigae 3 anavuka pikseli 36, anatumia sekunde 0.3, na katika muda huo amepanda pikseli karibu 52, vigae 3 na ushee. Misukumo miwili inamtoa hata akikosea kidogo. Ukipanua mwanya hadi vigae 6, anavuka pikseli 84 kwa sekunde 0.7, na mvutano umeshamrudisha: anafika ukuta wa pili akiwa kwenye kimo kilekile alichoondokea. Anaweza kuruka huku na huku mpaka usiku. Vigae 4 ndio mwisho kwa steji ya kwanza.

Ukuta wa mwanya uwe wima kabisa katika eneo la mgongano, hata kama picha ya jiwe ni ya mviringo. Mgongano ukifuata mviringo, mchukuzi atateleza kwenye mteremko na programu haitajua kama yupo ukutani au sakafuni. Ukuta pia umshushe taratibu, pikseli 40 kwa sekunde, si kumgandisha. Akigandishwa anadhani gemu limekwama.

Bado kuna watu watakaosimama chini wakitazama juu. Kwao, leta pimbi. Wanyama hawa wamejaa kwenye mawe ya kisiwa cha Saa Nane na kila anayeishi karibu na majabali amewaona wakipanda. Sekunde 6 baada ya mchezaji kuingia mwanyani bila kutoka, pimbi anatokea kwenye ufa wa chini, anaruka ukuta wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, anatoweka juu. Kasi yake iwe nusu ya ile ya mchukuzi ili mpangilio uonekane. Arudie kila baada ya sekunde 6, asimguse mchezaji na asimdhuru. Aliyekwisha kutoka mapema hatamwona kabisa, na hakuna tatizo.

Umbo hilohilo lirudi kwenye kigae cha 140: mwanya wa vigae 3, kina 6, chini maji mazito. Sasa kuna bei.

Hatua ya 8: Mtihani na mwisho wa njia

Vigae 150 hadi 180 ni mtihani, wala usiweke kitu kipya. Changanya vya zamani kwa jozi: kenge juu ya jiwe la vigae 3, shimo la vigae 3 likifuatiwa mara moja na magugumaji, mwanya wa mawe wenye kenge kileleni. Jozi zikizidi tano steji inachosha.

Mega Man X inamaliza kwa pambano ambalo mchezaji hawezi kulishinda: Vile, ndani ya mashine yake ya vita, anamkamata X, na Zero anatokea kumwokoa. Usiliige hilo bila kufikiri. Linafanya kazi kwa sababu linaonyesha nguvu ambayo mchezaji ataipata baadaye. Bila ahadi hiyo, kumpiga mtu kwa lazima baada ya kumfundisha vizuri ni ukorofi tu.

Sisi tumalizie kwa mruko mmoja wa starehe, kama nguzo ya bendera ya Mario ambapo urefu unaofikia unaamua alama. Weka ukingo wa mwisho kigae cha 186 na Jiwe la Bismarck baada yake, ulichoree ngazi tatu za kutua. Ya juu ina alama nyingi. Anayeruka kwa kutembea afike ya chini, anayekimbia afike ya juu.

Hatua ya 9: Mpe mtu pedi na ufunge mdomo

Chapisha ramani au tumia ileile ya daftari. Tafuta watu watano ambao hawajawahi kuona gemu lako. Kama ni watoto, ongea kwanza na wazazi au mwenye kibanda. Kaa kwenye kivuli, kwa sababu mwanga wa ufukweni mchana unaua tofauti ya bluu nyepesi na bluu nzito kwenye simu, na utalaumu maji yako bila kosa. Kisha usiseme neno. Ukisema "ruka hapo" mara moja tu, matokeo ya mtu huyo hayafai tena.

Kila kifo kiweke alama ya X kwenye ramani, na kila kusimama kwa zaidi ya sekunde 4 weka duara. X nyingi upande wa kushoto wa shimo maana yake wanabonyeza kwa kuchelewa: angalia zile fremu 6. X nyingi upande wa kulia, ukutani, maana yake shimo ni pana. X kwenye magugumaji ya kina kirefu kwa watu ambao hawakuzama hata mara moja kwenye kina kifupi maana yake walipita bila kufundishwa. Sogeza dagaa, au punguza muda wa kuzama wa vipande vya kwanza uwe sekunde 0.5 ili wazame kwa lazima. Duara ndani ya mwanya wa mawe si tatizo mpaka likifika sekunde 20. Duara kwenye skrini ya kwanza ni tatizo kubwa: hajajua aende wapi.

Kifo kimoja kwa kila kitu kipya ni kawaida. Watatu kati ya watano wakifa mara tatu mahali pamoja, badilisha kitu kimoja tu pale, kigae au namba, kisha tafuta wengine watano. Wale wa mwanzo wameshafundishwa na hawawezi kukuambia tena chochote kuhusu steji ya kwanza. Waweke kwa ajili ya steji ya pili.